Wasomaji Wanauliza: Antibiotiki ya Maji, Kuanzia Unga wa Chupani Hadi Kinywani mwa Mtoto

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yanahusu antibiotiki za maji wanazopewa watoto wenye nimonia, maumivu ya masikio, koo, mkojo na majipu. Wachache wameuliza habari za dawa yenyewe. Wengi wamekwama njiani, kati ya chupa na kinywa cha mtoto, na hapo ndipo dozi nyingi huharibika. Tuelewane jambo moja kabla ya kuanza: mililita tutakazotaja ni mifano ya hesabu. Dozi ya mwanao ni ile aliyoandikiwa kwa uzito wake.

SWALI: Nilipewa chupa yenye unga, nikajaza maji hadi kwenye mstari. Nilipotikisa, dawa ikashuka chini ya mstari. Niongeze maji au niache? Na si afadhali maji yawe ya moto kidogo ili unga uyeyuke? (Mama wa mtoto wa miezi 14)

JIBU: Ongeza hadi mstari, mama, lakini siku hiyo ya kuchanganya tu. Dawa ilishuka kwa sababu hewa iliyokuwa imebanwa ndani ya unga imetoka. Kinyume chake pia hutokea: povu hupanda hadi kwenye mstari, mtu akadhani chupa imejaa, kumbe povu likitulia dawa iko chini kabisa.

Fanya hivi. Chupa ikiwa bado imefungwa, igongegonge kiganjani na uitikise mpaka uone unga wote unatembea, maana unga ulioshikamana kitakoni ndio unaogeuka madonge ukikutana na maji. Chukua maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa kabisa. Mimina kama nusu ya yanayohitajika, funga, tikisa kwa nguvu mpaka usione unga mkavu pembeni wala chini. Weka chupa mezani usubiri povu litulie. Dakika chache zinatosha. Kisha ongeza maji kidogo kidogo hadi mstari. Inama, macho yawe sawa na mstari huo, kwa sababu ukiangalia kutoka juu utakosea. Funga, tikisa tena, halafu andika tarehe ya leo kwenye lebo.

Chupa nyingine lebo yake hutaja kiasi cha maji badala ya mstari. Hapo pima maji kwa sirinji au kikombe chenye alama, uyatie yote kwa awamu mbili. Angalia usichanganye namba: chupa iliyoandikwa mililita 100 haihitaji maji mililita 100, kwa sababu unga nao unachukua nafasi yake. Mililita 100 ni ujazo wa dawa ikishakuwa tayari.

Maji ya moto, hapana. Amoksilini na ndugu zake wa jamii ya penisilini hawastahimili joto. Utabaki na maji matamu yenye dawa pungufu, wala hutaona tofauti kwa macho.

Kwa nini tunasisitiza mstari? Piga hesabu. Chupa ya mililita 100 yenye miligramu 125 katika kila mililita 5 ina miligramu 2,500 kwa jumla. Ukiishia mililita 80, kila mililita 5 itabeba miligramu 156, na dawa itakwisha kabla ya siku zake. Ukizidisha hadi mililita 120, kila mililita 5 itabeba 104 tu, na bakteria watapata dozi isiyowatosha. Mfamasia akiwa tayari kukuchanganyia hapo hapo dirishani, na wewe unakwenda moja kwa moja nyumbani kuanza dozi, mwache achanganye.

SWALI: Asubuhi nakuta tope jeupe chini ya chupa na maji juu. Imeharibika? (Bibi anayelea mjukuu)

JIBU: Haijaharibika, bibi. Dawa nyingi za aina hii haziyeyuki kabisa majini, zinaelea tu, na zikiachwa zinatuama. Ndiyo maana chupa hutikiswa kila mara, hata kama uliitikisa saa chache zilizopita. Asiyetikisa humpa mtoto maji ya juu siku za mwanzo, dozi hafifu, kisha siku za mwisho anamnywesha lile tope lenye nguvu kupita kiasi. Ikiwa baada ya kutikisa dakika nzima bado kuna madonge yasiyovunjika, au rangi na harufu vimebadilika sana, irudishe duka la dawa.

SWALI: Nimeandikiwa “kijiko kimoja mara tatu”. Kijiko kipi? Nyumbani ninavyo vya saizi nne. (Baba wa mapacha)

JIBU: Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne. Maandishi ya “kijiko kimoja” yalipaswa kufa zamani. Mwandishi alimaanisha mililita 5, lakini vijiko vya chai vinatofautiana sana, kingine kinabeba nusu ya hizo na kingine kinazidi. Rudi umuulize mfamasia akuandikie mililita kwa kalamu kwenye lebo, na umwombe sirinji ya kunyweshea, ile isiyo na sindano, ya mililita 5 au 10.

Kusoma sirinji kuna ufundi wake mdogo. Vuta dawa kupita alama kidogo, igeuze ncha ielekee juu, igonge kwa kidole mapovu yapande, kisha sukuma polepole mpaka ukingo wa pistoni unaogusa dawa ukae sawasawa na alama unayoitaka. Povu la nusu mililita kwa mtoto mchanga ni sehemu kubwa ya dozi. Ikiwa dozi ni mililita 7.5 na sirinji yako ni ya 5, vuta 5, kisha 2.5. Kifuniko kidogo cha ncha kitupe mbali kabla hata ya kuanza. Kikisahaulika kinaweza kurukia kooni na kumkaba mtoto. Na nukta ya desimali ikikutia shaka, kama ni 2.5 au 25, usikisie. Uliza.

Sasa linalotuogopesha kuliko vijiko. Amoksilini ya maji huuzwa kwa nguvu tofauti, na maboksi yake yanafanana kama pacha zako: kuna ya miligramu 125 kwa mililita 5, na kuna ya 250 kwa mililita 5. Mtoto anayetakiwa miligramu 250 atakunywa mililita 10 za ile ya kwanza, au 5 za ile ya pili. Ukinunua chupa ya pili mahali pengine ukaendelea na mililita zile zile bila kusoma lebo, unaweza kumpa nusu ya dozi au mara mbili yake. Zipo pia dawa za matone za watoto wachanga, nyingine zina miligramu 100 katika mililita moja tu. Mililita 5 za matone hayo ni miligramu 500, mara nne ya ile ya 125. Kwa hiyo anayekuuliza “anakunywa kiasi gani?” mjibu kwa miligramu na mililita zote mbili.

Na mapacha wasigawane chupa moja kwa sababu tu wamezaliwa siku moja. Kama wote wanaumwa, wote wapimwe uzito, na kila mmoja awe na dozi yake na chupa yake.

SWALI: Nimempa mililita 5 mara tatu kwa siku bila kukosa, siku 7. Siku ya mwisho dawa ikaniishia kabla ya dozi ya usiku. Nilikosea wapi? (Mama wa mtoto wa miaka 3)

JIBU: Hukukosea. Mililita 5 mara tatu ni 15 kwa siku. Kwa siku 7 ni 105. Chupa ina 100, na kidogo hubaki kimeganda kwenye kuta. Aliyekuhudumia ndiye hakupiga hesabu. Chupa za mililita 60 ni mbaya zaidi: kwa dozi hiyo hiyo zinadumu siku 4 tu. Zidisha mililita kwa mara kwa siku, kisha kwa siku, ukiwa bado umesimama pale dirishani. Ukihitaji chupa mbili, ya pili ibaki unga mkavu mpaka chupa ya kwanza ikwishe, kwa sababu saa ya kuharibika inaanza kuhesabika maji yanapoingia.

SWALI: Mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu anatema, anapiga teke, anatapika. Tunamshika watu wawili, mmoja anambana pua. Kuna njia nyingine? (Mama aliyechoka)

JIBU: Ipo, na pua iachieni leo. Mtoto aliyebanwa pua huku akilia huvuta hewa kwa nguvu kupitia mdomoni, na dawa inaweza kufuata hewa hiyo hadi mapafuni. Kumlaza chali kabisa kuna hatari ileile.

Mkalishe mapajani, mgongo wake kifuani pako, kichwa kikiwa kimeinuka. Mkono wake mmoja uwe nyuma ya kiuno chako, wa pili umshike kwa upole. Ingiza ncha ya sirinji pembeni mwa mdomo, kati ya fizi na shavu. Usiielekeze katikati ya koo, kwa kuwa huko ndiko kunakomfanya atapike. Sukuma kama nusu mililita, subiri ameze, sukuma tena. Mililita 5 zikichukua dakika mbili si tatizo. Akiwa katikati ya kilio, simama kwanza.

Kwa anayenyonya, mpe dawa kabla ya kumnyonyesha, akiwa na njaa. Anameza vizuri na tumbo halijajaa la kutapika. Ladha chungu hupungua dawa ikiwa baridi (kwa zile zinazoruhusiwa kukaa kwenye friji) na akipewa kinywaji mara tu baada ya kumeza. Unaweza kuchanganya dozi na kijiko kimoja au viwili vya chakula laini anachokipenda, kama mfamasia amekubali kwa dawa hiyo, na alishwe chote hapo hapo. Usiimimine kwenye chupa nzima ya maziwa: akiacha nusu, hujui amebakiza dozi kiasi gani. Asali usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kwa kulamba tu, kwa hatari ya sumu ya botulizimu.

Akitema yote papo hapo, mpe upya. Akitema sehemu, usikisie cha kuongeza. Ngoja dozi inayofuata na ubadili mbinu. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi ileile mara moja. Baada ya nusu saa usirudie. Akitapika hata ile ya kurudia, au kila dozi anayopewa, arudishwe kituo cha afya, maana huenda akahitaji sindano badala ya dawa ya kunywa.

SWALI: “Mara tatu kwa siku” maana yake nimwamshe saa nane usiku? Na jana mimi nilimpa, baba yake naye akarudi akampa. (Dada msomaji)

JIBU: Kumwamsha si lazima, dada, isipokuwa umeelekezwa hivyo. Mara tatu ni karibu kila saa 8, lakini alfajiri anapoamka, alasiri na anapokwenda kulala kunakubalika kwa dawa kama amoksilini. Ukisahau, mpe ukikumbuka, ukihakikisha zinapita saa 4 au zaidi kabla ya dozi ifuatayo. Kwa dawa ya mara mbili kwa siku, kama saa ya dozi nyingine imekaribia, ruka iliyosahaulika. Usimpe dozi mbili kwa pamoja ili kufidia.

Amoksilini iliyorudiwa mara moja kwa bahati mbaya mara nyingi huishia kwenye tumbo kuvurugika na kuharisha. Hata hivyo mpigie mfamasia au daktari, hasa ikiwa ni dawa nyingine au mtoto ana ugonjwa wa figo. Karatasi iliyobandikwa karibu na chupa, yenye siku na saa za kuweka tiki, ndiyo dawa ya wazazi wawili wenye bidii.

Kuhusu chakula, kila dawa ina tabia yake. Amoksilini haijali. Ile yenye klavulaneti (kiambato kinachoikinga amoksilini isiharibiwe na bakteria) ipewe mwanzoni mwa mlo, inapunguza kuchafuka kwa tumbo. Kloksasilini inataka tumbo tupu: saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula.

SWALI: Lebo inasema iwekwe kwenye friji. Sina friji. (Msomaji)

JIBU: Hili lisemwe kabla dawa haijatoka dirishani, kwa kuwa majibu yanategemea dawa gani. Amoksilini ya kawaida hupenda ubaridi, lakini nyingi huruhusu kukaa nje mahali penye kivuli pasipozidi nyuzi joto 25. Baada ya kuchanganywa hudumu siku 7 au 14 kutegemea mtengenezaji. Amoksilini yenye klavulaneti ni deko: inataka nyuzi 2 hadi 8, na nyingi hudumu siku 7 tu, kwani klavulaneti huoza haraka kwenye joto. Azithromaisini hukaa nje bila shida. Klarithromaisini hata usiiweke kwenye friji, inaganda. Kotrimoksazoli huja ikiwa tayari ni maji, haiongezwi kitu.

Kwa asiye na friji, ombi bora ni vidonge vinavyoyeyuka majini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza amoksilini ya vidonge hivyo, vya miligramu 250, kwa nimonia ya watoto walio chini ya miaka 5. Kimoja kinayeyushwa kwenye maji safi kidogo ndani ya kikombe au kijiko muda huohuo wa kunywesha. Hakuna mstari, hakuna povu, hakuna friji. Hata ile yenye klavulaneti inatengenezwa kwa namna hiyo. Tungetamani vingekuwa kila mahali.

Wenye friji: chupa isigande, na isikae mlangoni ambako joto hupanda kila mlango ukifunguliwa.

SWALI: Siku ya pili ameanza kuharisha, siku ya sita akatoka upele. Niache dawa? (Baba wa mtoto wa miaka 2)

JIBU: Kuharisha kwa choo laini mara chache ni jambo la kawaida, kwa kuwa antibiotiki huua pia bakteria wema wa tumboni. Endelea na dozi, mpe vinywaji zaidi, na ikizidi mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti pamoja na zinki: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi 6, miligramu 20 kwa aliyefikisha miezi 6 na kuendelea, kwa siku 10 hadi 14. Dawa za kufunga choo usimpe. Choo chenye damu, macho yaliyodidimia au mkojo uliopungua ni safari ya kituo cha afya.

Upele una sura mbili. Vipele vilivyovimba, vinavyowasha na kuhamahama, vikitokea muda mfupi baada ya dozi, ni dalili ya mzio: simamisha dawa. Vikifuatana na uvimbe wa midomo, uso au ulimi, kukoroma kifuani, kutapika mfululizo au mtoto kulegea, hiyo ni dharura ya dakika, kimbieni hospitali. Sura ya pili ni madoadoa bapa ya waridi yanayoanza kiwiliwili baada ya siku kadhaa, mtoto akiwa mchangamfu na hajikuni sana. Mara nyingi huo si mzio. Lakini usiamue peke yako: piga picha, mwonyeshe daktari kabla ya dozi inayofuata. Tunasema hivyo kwa sababu mtoto akishaandikwa “ana mzio wa penisilini” bila kuchunguzwa, atanyimwa dawa nzuri maisha yake yote.

SWALI: Siku ya tatu alikuwa anakimbia. Nikasimamisha, nikaweka iliyobaki kwa ajili ya mdogo wake mwenye mafua. (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Makosa mawili, mama, ila yote yanarekebishika. Homa kushuka ndani ya siku 2 au 3 ni ishara kuwa dawa inafanya kazi, lakini siku alizoandikiwa hutegemea ugonjwa: nimonia isiyo kali kwa kawaida ni siku 5, koo la streptokoka ni 10, na hilo la koo hukamilishwa ili kuukinga moyo na homa ya baridi yabisi. Zungumza na aliyeandika dawa kabla ya kukatisha.

Mafua ni ya virusi, antibiotiki haiyagusi. Mdogo mtu ana uzito mwingine na pengine ugonjwa mwingine, na dawa iliyochanganywa ikipitisha siku zake hata kwa mkubwa haifai. Iliyobaki irudishe duka la dawa, usiimwage chooni.

SWALI: Ni lini nisisubiri tena? (Wasomaji kadhaa)

JIBU: Kama saa 48 zimepita na homa iko palepale, arudi akaonwe. Usisubiri hata saa moja akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au asipoamka vizuri, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akitoa mlio mkali anapovuta hewa ametulia. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa kimya: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, ni za haraka mno. Aliye chini ya miezi 2 mwenye homa haanzishiwi dawa ya maji nyumbani kwa vyovyote, anapelekwa hospitali.

Unapokwenda, beba chupa na sirinji uliyotumia. Mhudumu akiona mililita zilizobaki na tarehe uliyoandika, atajua kwa dakika moja kama dawa imeshindwa au haikumfikia mtoto.